Nyumba ya Mawe Katikati ya Ghorofa

Juzi, katika ofisi moja hapa Bagamoyo, afisa kutoka Dar alimkunjulia bibi mmoja ramani ya jengo la ghorofa saba litakaloizunguka nyumba yake ya mawe.

"Shikamoo, bibi. Nyumba hatuigusi. Mlango wa nakshi, baraza, hata ua, vyote tunavihifadhi."

"Marahaba, mwanangu." Akaweka kidole pembeni mwa ua. "Na hivi vijisanduku?"

"Madirisha ya wapangaji. Kila asubuhi watautazama urithi wetu."

Bibi akalivuta buibui lake mpaka kidevuni. "Marehemu babu hakuweka dirisha hata moja upande huo, ili wanawake tukoge uani kwa stara. Urithi watakaoutazama ni mimi."

Afisa akaikunja ramani.

Nasikia mpango umesharekebishwa. Madirisha yanabaki, anayehama ni bibi.