Wareno Hawanywi Maji

Sisi tuliokulia Mji wa Kale, Mombasa, miaka ile redio moja ilipoutosha mtaa mzima, hatukuwa na haja ya kununuliwa vitu vya kuchezea. Tulikuwa na ngome. Tukitoka chuoni na juzuu zetu za Kurani kwapani, tulikusanyika kwenye kiwanja chini ya ukuta wake, mawe yakiwa ya moto hata ukiyaegemea unaruka. Palinuka chumvi, mbuzi na mihogo ya kukaanga. Tulicheza kipande, tulicheza gololi, tulirusha tiara, lakini mchezo mkubwa ulikuwa Kuzingira.

Wazee walikuwa wametusimulia jinsi Wareno walivyozingirwa humo ndani na Waarabu wa Omani karibu miaka mitatu, mpaka wakamalizwa na njaa na maradhi. Basi nasi tulichora duara kwa mkaa. Wareno wanakaa ndani, juani. Waomani wanakaa nje, kivulini, wakila viazi vya karai na kunyonya barafu za ukwaju huku wakiwatazama. Sheria ilikuwa moja: Wareno hawali wala hawanywi maji mpaka adhana ya alasiri. Mmoja akinywa, ngome imeanguka.

Vijana wa siku hizi wanazingira ngome kwa vidole gumba, wamelala kwenye makochi, na wakifa wanabonyeza kidude wanafufuka. Nawaonea wivu kwa hilo la kufufuka.

Aliyegawa pande alikuwa Salim, mtoto wa mwenye nyumba tuliyopanga chumba cha uani. Yeye alikuwa Muomani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Mimi na mdogo wangu Idi tulikuwa Wareno siku zote, kwa sababu mama yetu alitoka Taita na alifulia watu nguo. "Nyinyi ni watu wa kuja," Salim alitueleza, "na Wareno pia walikuwa watu wa kuja." Hakuna aliyeweza kubishana na elimu hiyo.

Idi alikuwa na ugonjwa wa damu, ule wa kuumwa mifupa. Mama aliwaambia watoto wote wa mtaa, tena akamwambia Salim peke yake, akimshika bega: "Mwanangu, huyu maji ndiyo dawa yake. Ukiona midomo imemkauka, mlete kwangu."

Mchana mmoja wa joto la kaskazi midomo ikamkauka. Nilimwomba Salim maji. Akasema, "Akinywa, mmeshindwa, na kesho hamchezi." Nikamwambia Idi tutoke. Akakataa, alikuwa na miaka saba na hakutaka kuitwa Mreno aliyekimbia. Adhana ilipolia hakuweza kusimama. Nilimbeba mgongoni, na kila nilipopiga hatua aliguna kwa maumivu. Alifia hospitali.

Mtaani walisema ni kazi ya Mungu, na mama, ambaye chumba chake kilikuwa cha babake Salim, alisema hivyo hivyo. Hakuna aliyebisha mlango wetu kwa jambo lile. Mimi niliacha shule mwaka huo. Sijakaa mahali tangu hapo: nimepika melini, nimechuma machungwa Hispania, na sasa nabeba maboksi ya nywele za bandia pale Matonge, Brussels, huku nikimuuliza kila anayepita maswali ya ngome na magofu.

Salim naye yuko huku. Ni dereva mstaafu wa ubalozi, anaishi mtaa wa Auderghem, anaheshimiwa na watu wote wa pwani. Tunaamkiana vizuri. Mwezi uliopita alinipigia akasema amesikia ninapenda magofu, twende pamoja pwani ya Ubelgiji. Nilikuwa nimemwambia mtu kuwa karibu na mpaka wa Uholanzi pana ngome ya Wahispania, ya zamani walipowatawala hawa hawa Wabelgiji. Mama Mkongo mwenye saluni jirani na duka letu alinicheka, akiniita mjomba kwa Kifaransa. "Tonton, unalipa train juu ya kuenda kuangalia majani?"

Hakukosea. Tulipofika tulikuta tuta la udongo lililopindapinda, nyasi, mtaro wa maji ya kijani, na kondoo. Upepo wa baharini ulikuwa baridi na hauna harufu yoyote. Salim alisimama na koti lake zuri akacheka.

"Yaani Wahispania wote wale, mwisho wao kondoo?"

"Yetu ingali imesimama," nikasema.

"Yetu imesimama." Akanishika mkono. "Ndugu yangu, nilikuwa na jambo. Naondoka kwenda Makka. Kama kuna siku nilikukosea, kwa ulimi au kwa mkono, kwa kujua au kutojua, niwie radhi."

Hiyo ndiyo desturi. Mwenye kwenda Hija hawezi kubeba deni la watu, na jawabu lake linajulikana na kila mtoto: nimekusamehe, nawe nisamehe. Nililihisi liko mdomoni.

"Siku gani?" nikauliza.

"Siku yoyote."

"Taja moja."

Aliwatazama kondoo. "Tulikuwa watoto, bwana. Utoto una mengi."

"Basi taja moja katika hayo mengi."

"Unataka nini hasa?"

Sikutaka alie. Nilitaka aseme Idi. Jina lenyewe fupi, hata ulimi hauchoki. Alisema upepo utamtia kikohozi, tukarudi kituoni, na ndani ya treni akanionyesha picha za wajukuu wake.

Kesho yake aliandika kwenye kundi letu la simu, la watu wa pwani, maneno yale yale aliyoniambia, neno kwa neno. Watu wakamjibu kwa vikono vya dua na mioyo ya kijani. Wote wamemsamehe, wengine kabla hawajamaliza kusoma. Enzi zetu mtu akitaka radhi alikuja kwa miguu, akavua viatu, akapewa kahawa, akalitaja alilotenda huku mwenye kukosewa akimtazama usoni. Palikuwa na aibu na jasho, na lilipokwisha lilikwisha kweli. Walikuwepo pia waliolala majumbani mwao bila kubisha mlango wa mtu, najua. Lakini hao hawakuhesabiwa kuwa wamesamehewa.

Jana alinipigia kutoka uwanja wa ndege.

"Wewe hujanijibu," akasema.

"Hujaniuliza," nikamwambia.

Nikasikia abiria wakiitwa kwa Kifaransa, halafu kwa Kiholanzi, na pumzi yake katikati. Nilingoja. Ilikuwa nafasi ya kutosha jina la herufi tatu.

"Haya, ndugu yangu," akasema, "tuombeane." Akakata simu.