Dawa za baba zilikuwa halisi: msiba wetu Butiama na mkasi wa bakteria

Wakuu, poleni na majukumu. Kidonda bado kibichi, ila chumvi sitaongeza. Mengine niliyaona kwa macho, mengine niliyapima kwa mikono yangu.

Mimi niko Mukendo, Musoma mjini, nafanya kazi maabara. Nyumbani ni Butiama. Baba alikuwa anakaa kule na Nyanjura, mke wa kaka yangu. Kaka mwenyewe anachomelea mageti Nyasura, Bunda, anarudigi mwisho wa wiki.

Kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Kumgusa ndiyo kabisa, hapana.

Baba alipougua njia ya mkojo, homa ikapanda hadi akashindwa kukaa. Nyanjura akavunja mwiko. Akamwinua, akamnywesha uji, akamwekea vidonge mdomoni kwa mkono wake.

Nani mwingine angefanya?

Dawa alizoandikiwa ndizo zinazotumika kwa ugonjwa ule. Hazikusaidia. Tukamleta Musoma, nikaotesha mkojo wake, kile kipimo tunachoita culture. Wadudu, yaani bakteria, wakaota pembeni ya dawa kama hawaioni.

Majibu yalipokamilika, baba alikuwa ameshatutoka.

Msibani maneno yakaanza. Shangazi, dada yake baba, akasema mkono uliovunja mwiko ndio ulioharibu dawa. Akagoma kula chakula cha Nyanjura. Baada ya mazishi kikaitwa kikao, ajenda moja: arudishwe kwao Suguti.

Nikaomba nafasi ya kuongea. Nilivyowaeleza wale wazee ndivyo ninavyowaeleza ninyi, taratibu tu.

Dawa za jamii ya penisilini, kama zile za baba, zina kitu kama pete ndani yake, na nguvu ya dawa iko kwenye hiyo pete. Baadhi ya bakteria, kama hao wa baba, wana kimeng'enya, tukiite mkasi, kinachokata pete. Dawa inabaki maji.

Mkasi huu ni wa zamani kuliko hospitali zote. Kuvu wa udongoni walikuwa wanatengeneza pete, na bakteria majirani zao wanaikata, kabla sisi hatujajua lolote.

Wataalamu wakaleta dawa mpya ambazo mkasi ule haukuziweza. Lakini bakteria wanazaliana haraka, na kila wanapozaliana kunatokea vikosa vidogo. Kosa moja likapanua mdomo wa mkasi. Aliyekuwa nao akapona, wenzake wakafa, akajaza nafasi yao.

Leo ni ukoo mzima wa mikasi. Kuna unaokata penisilini tu, kuna unaokata karibu kila tulicho nacho. Kuna na tawi ambalo si damu moja na hao wengine, linafanya kazi ileile kwa kutumia madini ya zinki. Na bakteria anaweza kumpa jirani maelekezo ya kutengeneza mkasi, hata kama si kabila moja.

Shangazi akauliza, "Sasa hao nani aliwafundisha?"

"Hakuna, shangazi. Waliokuwa nao ndio waliobaki. Tukimeza nusu dozi, tukichoma ng'ombe sindano kwa kukisia, tunawachagua sisi wenyewe."

Shangazi akamwita Nyanjura, akanyoosha mikono anawishwe, akamwambia, "Pakua basi, mkwe, au unataka nife njaa?"

Watu wakacheka kidogo. Kikao kikaisha hapo. Suguti haikutajwa tena.

Nikajua nimemaliza kazi.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, Nyanjura akaniuliza bila kuinua macho, "Wifi, kwa hiyo vile vidonge havikuwa vinafanya kitu tangu siku ya kwanza?"

Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana kosa si lako.

"Alikuwa anatapika. Ananiambia, mwanangu, niache nipumzike. Mimi namshika kidevu, nambembeleza ameze." Akasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata. "Kumbe nilikuwa namtesa bure."

Nikaichukua ile sufuria mkononi mwake, nikaisuuza.

Wakuu, mgonjwa akitumia dawa bila nafuu, msimwongezee nyingine kwa kubahatisha. Ombeni kipimo cha kuotesha mapema, huenda ikapatikana dawa ambayo mkasi haujaifikia. Na dawa zilizobaki msigawane.

Nyanjura bado yuko Butiama. Nikipiga simu tunaongelea mihogo na mvua, lile la vidonge hataki.

Mliowahi kuuguza mtu wenu, mngemjibu nini? Andikeni hapa chini. Nitamsomea.