Wanamaji wa Barabara ya Eringeti

Gari lenye kipaza sauti lilipita mtaa wetu wa Kimemi siku ya Jumamosi, mimi na kaka yangu Kambale tukiwa tunapiga pasi kanzu za kwaya. Butembo kulikuwa na baridi yake ya kawaida. Tulikuwa tunagombania pasi ya makaa, maana aliyeishika ndiye aliyepata joto.

Wakati ule nchi ilikuwa imekatika vipande. Huku kwetu tulitawaliwa na kundi lenye makao yake Beni, lenye mawaziri wake, askari wake na mihuri yake. Gari lilitangaza kwamba vijana waliomaliza sekondari na kupata diploma ya serikali, wavulana kwa wasichana, wanaitwa kwenye shule mpya ya jeshi la maji. Kundi lilitaka maafisa wa kulinda Ziwa Edward. Watafundishwa usukani, mashine, radio na afya.

Kambale akaiweka pasi chini.

"Umesikia? Banafundisha mashine."

Tangu amalize shule alikuwa anamsaidia jirani mwenye kinu cha kusaga mihogo. Injini ya kile kinu aliijua kwa sauti. Angeweza kuwa mezani anakula, akainua kichwa na kusema mkanda umelegea. Chuo cha ufundi kilikuwa Kisangani, na Kisangani ilikuwa upande mwingine wa vita. Mimi nilitaka uuguzi, lakini baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya kanisa, asiye na mshahara ila kile walichotoa wazazi. Hakuwa na namna ya kunisomesha.

Jioni tulimwambia. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Jeshi ya mayi? Beni iko na mayi gani?"

"Tunasomea Beni tu, papa," Kambale akajibu. "Kisha banatupeleka ku ziwa."

"Na vita ikikuja?"

"Vita inapita ku barabara, papa. Siye tutakuwa ku mayi."

Baba akamwangalia mama. Mama hakubishana. Alisema tu, "Basi mukuwe pamoja."

Tulishuka Beni juu ya lori la mbao. Ukitoka Butembo, joto la Beni linakupokea kabla hujaona nyumba ya kwanza. Shule yenyewe ilikuwa ghala la zamani la kahawa pembezoni mwa mji, na kuta zilikuwa bado zinanukia kahawa. Maji yaliyokuwepo yalikuwa ya bomba moja, nayo yalikuja yakipenda.

Mwalimu wetu tulimwita kwa cheo chake cha jeshi, Adjudant Mavungu, mtu wa Matadi, kule mto Kongo unakokaribia bahari. Serikali ya zamani ilikuwa imemtuma ziwani kwa kazi ya muda mfupi. Vita vikaja, barabara zikafungwa, akabaki. Mke wake na watoto walikuwa ng'ambo ya pili ya nchi, na miaka ilikuwa inapita bila habari yao. Kila Jumapili alikuja kanisani na sisi, akaimba kwa Kikongo nyimbo tulizokuwa tunaimba kwa Kinande chetu.

Kwa kuwa hatukuwa na mashua, alichora moja uani kwa chokaa, kubwa kama ile ya kweli. Tuliingia ndani ya mistari, kila mmoja mahali pake, tukajifunza kugeuza, kufunga kamba, kumwokoa mtu aliyeanguka. Aliyekanyaga nje ya chokaa alihesabiwa amezama, akakaa pembeni. "Malembe, bana, malembe!" Adjudant alipiga kelele, na sisi tulipunguza mwendo juu ya vumbi. Wanawake waliokuwa wanapita na ndizi kichwani walisimama kutucheka.

"Mumepata samaki?"

"Tumeshakula yote, mama!" Adjudant akawajibu.

Ziwani walitupeleka mara moja tu, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kyavinyonge. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona maji yasiyo na mwisho. Mimi niliogopa viboko, nikabaki ufukweni na wasichana wenzangu. Kambale hakuyaangalia maji hata kidogo. Alikunja suruali, akaingia mpaka magotini, akainama juu ya injini ya mashua ya doria. Tulipoitwa kula alikuwa bado yuko pale, mikono myeusi kwa mafuta, anamuuliza fundi hiki kinafanya nini na kile kinafanya nini. Sijamwona na furaha kama ile, wala kabla wala baada.

Siku ya kuchagua ilipokaribia, maneno yalikuwa mengi. Wengi walitaka usukani, kwa sababu wa usukani ndio waliopewa kofia nzuri na bastola. Adjudant Mavungu alitukuta mimi na Kambale tunafua nguo, akajikalisha juu ya ndoo.

"Mutachagua nini?"

"Mashine, mon adjudant."

"Na weye, Kahindo?"

"Afya."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni vizuri. Hii vita itaisha siku moja, sijuwe lini. Mekanisien atapata kazi, infirmière atapata kazi. Mwenye kujua bunduki tu, ataenda wapi?"

Baba alipanda lori kutoka Butembo akaja kushuhudia kiapo, amevaa koti lake la mazishi na sherehe. Tuliitwa mmoja mmoja mbele ya meza ya wakubwa. Ulitaja kazi uliyochagua kwa sauti, ukashika kitambaa cha bendera, ukaapa kutumika popote utakapotumwa. Sauti ya Kambale ilisikika mpaka barabarani: "Mashine!" Watu wakacheka, na mkuu wa shule naye akacheka.

Baadaye baba alitushika mikono sote wawili.

"Sasa muko ba nani?" akauliza, akiielekezea kidevu meza ya wakubwa. "Ba kwetu, ao ba bale?"

"Ba kwenu, papa," nikasema. Akatuombea palepale, amesimama, kofia mkononi.

Hatukupelekwa ziwani.

Kwanza walikuja watu wa Eringeti, kaskazini ya Beni. Wakaja kwa miguu na magodoro kichwani, mbuzi, sufuria, wazee juu ya baiskeli. Walisema kundi jingine linashuka kutoka upande wa Ituri, linafuata barabara, na kwamba vijiji vya mbele vimekwisha. Kesho yake wakawa wengi zaidi. Makanisa ya Beni yakajaa, kisha shule, kisha varanda za maduka.

Asubuhi moja tuliamriwa kujipanga uani. Komanda mmoja ambaye hatukumjua alisimama ndani ya mashua ya chokaa bila kujua amesimama wapi. Alisema wanafunzi wote wanakwenda Eringeti. Usukani, mashine na radio watapewa bunduki. Afya watafuata nyuma.

Adjudant Mavungu akatoka mbele. "Mon commandant, hawa batoto ni ba mayi. Pori hawajui."

"Waliapa?"

"Waliapa."

"Popote watakapotumwa?"

Adjudant akarudi nyuma hatua moja.

"Basi."

Hakuna aliyemwamuru kwenda, lakini nilimwona anapanda lori la kwanza pamoja na wanafunzi wake. Kambale alikuwa nyuma kabisa, bunduki ameishika kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine. Alinitafuta kwa macho mpaka akaniona.

Sisi wa afya tuliwekwa katika kanisa dogo la Kiprotestanti kando ya barabara, upande wa huku wa Eringeti. Tuliongozwa na muuguzi mzee wa hospitali ya Oicha. Tulisukuma mabenchi ukutani, tukatandika majani ya migomba sakafuni, juu yake mashuka. Mvua ilikuwa inanyesha.

Milio ilianza mbali, kama mtu anayepasua kuni.

Kisha ikawa karibu.

Lori la kuleta majeruhi halikuja. Tulijua kuna majeruhi, kwa sababu waliokuwa na nguvu ya kutembea walikuwa wanafika, na kila mmoja alisema nyuma yake kuna wengine. Lori limezimika, walisema. Limejaa watu, na limezimika barabarani.

Tulingoja.

Nilipolisikia linakuja nilifahamu ile injini haikuwa sawa. Ilikuwa inakohoa. Lakini ilikuwa inakuja.

Adjudant Mavungu ndiye aliyekuwa anaendesha. Alishuka, akafungua nyuma, akanitazama, kisha akaangalia chini. Nilijua kabla hajasema.

Kambale alikuwa amelala kati ya wengine. Mikono yake ilikuwa na mafuta. Shati lilikuwa na damu kuanzia kifuani.

Adjudant alinieleza kwa maneno machache, akisaidia kumshusha. Lori lilizimika chini ya risasi, walioweza wakaruka mitaroni. Kambale akarudi peke yake. Alifungua kifuniko cha injini, akakata mpira wa mafuta uliopasuka, akaunganisha, akafunga kwa kamba ya kiatu chake. Alipigwa alipokuwa anashusha kifuniko.

Tulimlaza karibu na mimbari. Alifungua macho.

"Imewaka?"

"Imewaka, yaya," nikamwambia kaka yangu. "Mumefika."

Muuguzi mzee alikuja, akainua shati, akalishusha. Akaniambia polepole, "Huyu niachie mimi, mwanangu. Kamata yule wa mguu."

Wa mguu alikuwa mwanafunzi wa usukani. Damu yake ilikuwa inatoka kwa kuruka. Nilimwangalia Kambale, nikamwangalia yule. Nilikwenda kwa yule. Nilifunga mguu kama nilivyofundishwa, nikabana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, mpaka damu ikasimama. Nyuma yangu nilimsikia Adjudant anaimba kwa sauti ya chini, kwa Kikongo.

Alipoacha kuimba sikugeuka. Kulikuwa na mwingine anayengoja.

Tulimzika Kambale Butembo. Adjudant alimsindikiza mpaka nyumbani na kumweleza baba yote, amesimama, hakukubali kiti. Baba alimsikiliza, kisha akamshukuru kwa kumrudisha mtoto wake. Shule haikufunguliwa tena. Nchi ilipoungana, Adjudant alipata ndege ya kwenda kwao, na baadaye tulisikia kwamba alimkuta mke wake hai. Mimi nilitumika jeshini mpaka nilipoachiliwa, kisha nikaajiriwa kwenye kituo cha afya hapa Butembo. Aliyosema kuhusu infirmière yalikuwa kweli.

Yule wa mguu anauza matairi Beni. Anachechemea kidogo, ana watoto. Nikimkuta ananishika mkono kwa muda mrefu, na wote wawili hatutaji jina la Kambale. Wengine wa lile lori nawafahamu pia. Miaka mingi nilijaribu kupima, watu wale wote upande mmoja na kaka yangu upande wa pili, nione kama moyo utatulia. Hautulii. Nimeacha kupima. Nafurahi wako hai, na yeye hayupo, na hivyo viwili navibeba mbalimbali.

Mama hakuniuliza kitu mpaka baba alipokuwa amekwisha kufariki. Tulikuwa jikoni, namsuka nywele.

"Kahindo. Ile kazi ya mashine, Kambale alikuwa naipenda?"

"Alikuwa naipenda sana, mama."

"Hakuna mutu alimulazimisha?"

"Hapana. Alichagua mwenyewe."

Mama aliinamisha kichwa ili niufikie msuko wa nyuma.

"Kama bangemulazimisha," akasema, "ningepata mutu wa kukasirikia."

Niliendelea kusuka mpaka mwisho, nikafunga ncha, na mama akainua mkono akaushika wangu, akauacha hapo begani kwake.