Kamba Nene ya Fundi Faraji

Hebu mwone anavyokuja. Ni Jumatatu, saa mbili kasoro asubuhi, na maduka ya mtaa wa Chikongola yamefunguliwa nusu milango. Mzee mrefu, ovaroli yake ya bluu imefuliwa hadi imepauka, anakuja akiambaa na ukuta. Ukimwona utadhani anatafuta kivuli. Hatafuti kivuli. Vidole vya mkono wake wa kushoto vinagusa ukuta, vinaacha, vinagusa tena. Kwapani ana pima maji iliyofungwa kwa kipande cha kanga ya mkewe, na mfukoni ana kibao kilichoviringishwa uzi. Kutoka duka la mabati hadi kwenye mtaro ni hatua ishirini na mbili. Anazihesabu kimoyomoyo, anavuka, na hapo ndipo anapogundua kwamba cherehani ya Bi Hawa, jirani yake, imenyamaza.

Cherehani ya Bi Hawa hainyamazi saa hizo hata kwa msiba.

"Kaka Faraji," sauti ya Bi Hawa ikamjia kwa chini, "una mgeni. Amekuja na gari."

Sasa tumwache hapo hapo kidogo, mguu mmoja juu ya zege la uwanja wake wa kazi na mwingine nje. Huwezi kujua kwa nini neno hilo la mgeni lilimsimamisha mpaka nikusimulie yaliyoanza Ijumaa.

Huyu Faraji ndiye fundi wa zamani wa alaimenti hapo mjini, kazi ya kunyoosha tairi za gari zielekee sawa. Hakufundishwa na mtu. Alianza na malori ya korosho yaliyokuwa yakila tairi upande mmoja, akawa analala chini yake na kujiuliza kwa nini, mpaka akapata jibu. Zege la uwanja wake alilimwaga mwenyewe, akalisawazisha kwa mpira wa maji kama waashi. Gari likipanda hapo, anasimamisha vigingi vinne vya nondo, anavuta uzi kulia na kushoto, halafu anapima kutoka kwenye uzi hadi kwenye ukingo wa ringi, mbele ya tairi na nyuma yake. Tofauti ya milimita moja au mbili ndiyo inayoamua kama gari litakwenda sawa au litatangatanga. Kitu kimoja watu walikuwa wakimcheka nacho: kabla ya kupima lazima aweke gunia la korosho kwenye kiti cha dereva. "Gari tupu linadanganya," husema. "Mwenye nalo akikaa, springi zinabonyea, tairi zinageuka. Nipime uongo?"

Miaka miwili iliyopita ilikuja mashine ya kompyuta barabara kuu, na wateja wakahamia huko mmoja mmoja. Akabaki Filipo.

Filipo ni kijana wa Njombe, anaendesha winchi bandarini. Ana gari dogo jekundu linalompeleka kazini siku sita, na siku ya saba, msimu wa kiangazi, anashindana nalo na wenzake kwenye uwanda mkavu wa chumvi njia ya Kilambo. Ijumaa hiyo alikuja baada ya swala.

"Shikamoo, mzee wangu. Nataka mbele tairi zilalie ndani zaidi kwa juu. Kwenye kona gari linanikimbia."

"Marahaba. Ukizilaza sana, njia ya bandarini itakula tairi upande wa ndani, mwezi hauishi utakuja kulia hapa."

"Basi nipatie katikati."

"Mwanangu, unataka gari liwe sheikh siku sita, siku ya saba licheze ngoma!"

"Jumapili nasali misa ya kwanza, mzee. Nacheza nikishatubu."

Walicheka. Faraji akaweka gunia kitini, akaongeza na ndoo ya mchanga, maana Filipo amenenepa. Akazilaza tairi kwa pima maji, kiputo chake akikifuata kwa jicho la kulia lililosogezwa karibu mpaka kope zikagusa kioo. Lile la kushoto liliingia ukungu miaka mitatu nyuma. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone itachelewesha, lakini kilichokwenda hakirudi, na la kulia limekwisha kuanza. Habari hiyo Faraji hakumwambia mtu, hata mkewe shambani.

Ila Bi Hawa alikuwa na macho yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimuuzia uzi. Mwaka juzi fundi alinunua uzi mweupe wa kushonea. Mwaka jana akataka ule wa kushonea magunia. Ijumaa hii akaja kuomba kamba ya kufungia marobota ya mitumba.

"Kaka, mwakani utaniomba ya kufungia ng'ombe?"

"Upepo, Bi Hawa. Uzi mwembamba unachezacheza."

Hapakuwa na upepo. Akavuta kamba ile nene, akapima kwa rula ya chuma aliyoikata vijimeno kwa msumeno ili kucha isome pale jicho linaposhindwa. Akageuza tairodi, ile fimbo inayoelekeza tairi, akakaza nati. Filipo akaondoka akipiga honi.

Jumamosi adhuhuri Bi Hawa akaifuata kamba yake. Akaisugua katikati ya kidole na dole gumba, kama anavyopima kitambaa.

"Nene hii. Hivi unapimia upande gani, wa ndani au wa nje?"

"Unasemaje?"

"Sisi chaki ikiwa butu, mstari unakuwa mnene. Ukianza kukata ndani ya mstari, maliza ndani. Ukichanganya, suruali inakwenda kombo. Na nyie si hivyo hivyo?"

Faraji alichukua ile kamba, akaibana kwenye vijimeno vya rula. Milimita nne. Akafumba macho, akaanza kuipa mikono yake kazi ya jana, hewani. Mbele ya tairi la kulia alipiga magoti, kucha ikagusa kamba kwa nje. Nyuma ya tairi akapenyeza mkono kutoka chini, kucha ikagusa kamba kwa ndani. Akarudia. Mikono ikafanya vile vile.

Mbele unene wa kamba ulikuwa umeingia kwenye kipimo, nyuma haukuingia. Ina maana lile tairi, badala ya kuangalia ndani kidogo kama alivyokusudia, lilikuwa linaangalia nje. Mtu anayekwenda bandarini taratibu asingejua. Mtu anayeingia kwenye kona kwa kasi ya mia na ishirini, akikanyaga breki, gari lingechagua njia lenyewe.

Akapiga simu. Filipo alikuwa ametoka kazini mapema, ameshafika uwandani, yeye na wenzake wanapanga mapipa ya kuonyesha kona, kelele tupu.

"Mzee wangu! Nilikuwa nakutaja sasa hivi! Nawaambia hawa wa kompyuta, mimi gari langu limepimwa kwa jicho la Fundi Faraji!"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Faraji akalimeza.

"Nakuja kesho asubuhi," alisema. "Nilikague kidogo. Usilikimbize kabla sijafika."

Usiku huo sina la kukusimulia, hakulala. Jumapili akapanda bodaboda, pima maji mgongoni, na safari hii mfukoni alikuwa na uzi mweupe mwembamba, ule wa zamani. Alikuwa amejiapiza kuusoma.

Uwanda wa chumvi asubuhi ni mweupe wote. Faraji akavuta uzi mweupe juu ya weupe ule, akapiga magoti, akanyoosha rula. Hakuuona. Akasogea. Akapapasa hewani kushoto, akapapasa kulia, na uzi ulikuwa mbele ya pua yake, karibu umguse kidevu. Filipo alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari. Alimwona anapapasa. Akachuchumaa, akauelekeza mkono wa mzee kwenye uzi.

"Tangu lini, mzee?"

"Miaka mitatu hili. Hili lingine linafuata."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nilikosea. Nimekupa gari la kukuua, Filipo."

Kijana akatazama nyuma, kuona kama kuna anayesikia. Akalala kifudifudi kwenye chumvi.

"Niambie nifanye nini. Mimi nitasoma."

Ikawa hivyo. Mmoja anasema, mmoja anasoma. Gunia hawakuwa nalo: rafiki yake Filipo wakamkalisha kitini badala ya korosho, wakamwambia asitikisike. Mbele, nyuma, legeza, robo mzunguko, kaza. Waliokuwa wakipita walimwona mzee amepiga magoti mbele ya tairi kama kawaida yake, na kijana chini anashika rula.

Filipo akamaliza wa tatu. Akashuka garini jasho linamtoka, na watu wakimzunguka akasema kwa sauti, "Ni jicho la mzee huyu hapa!" Wakampigia makofi. Faraji akageuza uso kuelekea upande ambao makofi yalitokea.

Njiani kurudi mjini walizungumza kidogo sana. Walipokaribia mtaa wa Rahaleo, Filipo akapunguza mwendo.

"Mzee wangu, ya chini ya gari yamebaki chini ya gari. Sitamwambia mtu. Lakini mimi... kuanzia sasa nitalipeleka kwenye mashine. Nina mtoto mdogo, unajua."

"Najua, mwanangu. Ningekuwa baba yako ningekuambia hivyo hivyo."

Alishuka. Hakuona kama kijana alipunga mkono.

Basi sasa turudi Jumatatu, pale tulipomwacha. Mgeni aliyekuja ni Mohamedi, mwenye basi dogo linalochukua wanafunzi asubuhi na kuwarudisha mchana. Amemtangulia fundi, amelipandisha basi juu ya zege mwenyewe, amelinyoosha vizuri.

"Asalaam aleikum, fundi. Sifa zako za jana zimefika mji mzima. Hili linavuta kushoto. Kule kwenye mashine wamenipangia wiki ijayo, nikasema ya nini, wakati jicho la Fundi Faraji lipo? Watoto kumi na wanne wanalisubiri saa nane mchana."

Akaufungua mkono wa mzee, akauweka ufunguo katikati ya kiganja.

Ng'ambo ya mtaro cherehani bado imenyamaza. Faraji anajua Bi Hawa anatazama. Anajua pia kwamba akisema neno moja tu, kwamba haoni, kuanzia leo hana kazi, na ile sitara aliyomfunika nayo Filipo ataivua kwa mkono wake mwenyewe mbele ya soko zima. Akinyamaza, uzi upo mfukoni na zege liko sawa, na huenda mikono isichanganye leo. Ufunguo una joto la mkono wa Mohamedi.

"Vipi, fundi? Nikuletee gunia la korosho?"

Wewe uliyemwona akija akiambaa na ukuta, ungekuwa ndiye yeye, na ufunguo ule umo kiganjani mwako, ungemjibu nini?