Nyama ya Paja la Dada

Dada yangu anauza mchele Igawa, kando ya barabara kuu, na tangu nipate akili sijawahi kumsikia akiomba asaidiwe kunyanyua kitu. Kwa hiyo siku nilipomkuta ameshindwa kuinuka kwenye kigoda, anajisukuma kwa mikono magotini na kumwita binti yake wa mwisho aje amvute, nilijua mambo yameharibika. Yeye alijua kuliko mimi. Mjomba wetu wa Iringa alianza hivyohivyo, na sote tulimwona akiisha misuli mpaka akawa wa kubebwa kupelekwa kuota jua. Wakubwa walisema ugonjwa ule uko kwenye damu ya upande wa mama.

Wala dada hakuwa anajililia nafsi yake. Alikuwa anamtazama yule binti. Mtoto akijikwaa uani, kama watoto wote wanavyojikwaa, dada ananyamaza ghafla, na siku hiyo chakula hakipiti.

Mimi nafanya kazi maabara, Mbeya mjini. Nakata nyama ya binadamu vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, navibandika kwenye kioo, navitia rangi, kisha daktari bingwa anavisoma kwa hadubini. Bila rangi huoni kitu, utafikiri unatazama maji. Daktari akasema dada akikatwa kipande kidogo cha msuli wa paja, tutajua kama ni ule wa mjomba au ni jambo jingine.

Akakatwa. Sasa msuli una makuu yake. Unataka ugandishwe kwa mpigo mmoja, kwenye baridi kali ya naitrojeni ya kimiminika, la sivyo maji yaliyomo yanageuka chembe za barafu na kuutoboatoboa. Naitrojeni yetu ilikuwa haijafika. Wakati mimi nahangaika na simu, nesi wa zamu, mama mchapakazi kabisa, alifanya ambacho mwanamke yeyote hapa angefanya akiona nyama inataka kuharibika: aliifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka friza, ambayo hugandisha polepole. Nilipoitia rangi, nyuzi zote za msuli zilikuwa na matundu kama kanga iliyoliwa na mende. Daktari akasema hapo hakuna cha kusomeka. Jamani, nilifoka siku hiyo! Nilifoka mpaka watu wa chumba cha damu wakaja kuchungulia, na yule mama ananitazama tu, maana kwake nyama ni nyama.

Kumwambia dada kwamba anakatwa tena ulikuwa mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama shida yetu ni kitoweo tungesema mapema, Igawa bucha zipo. Halafu akalaza mguu mwingine.

Safari hii sikutaka mchezo. Nilimtafuta bwana mifugo mmoja anayezunguka kwa wafugaji wa Usangu kupandikiza ng'ombe mbegu za madume bora, maana mbegu zile zinatunzwa ndani ya naitrojeni hiyohiyo. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni: msuli wa dada ukaenda kuokolewa na mtungi wa madume. Alifika na mtungi wake asubuhi na mapema, akaniuliza mgonjwa ni ng'ombe wa nani. Nikamwambia ni dada yangu, tumbo moja. Alivua kofia, akanimiminia, akasema nichukue ninayoitaka, ng'ombe watasubiri.

Kazi ya rangi nilikataa kumwachia mtu. Kwanza rangi ya bluu, inayoshika viini vya seli. Kisha nikasuuza kwa maji ya bomba, na maji ya Mbeya asubuhi yanauma vidole. Kisha ile ya waridi, inayoshika nyuzi zenyewe. Kusoma majibu si kazi yangu, lakini macho ninayo. Nikachungulia. Matundu hakuna. Nyuzi zimelala safi, ila katikati yake vimejazana vidoa vya bluu, vimesongamana kama watu mnadani. Sikujua nicheke au nilie. Nikampelekea daktari, nikasimama mlangoni roho juu.

Alitazama kwa muda mrefu. Akaomba na kioo kingine, nilichokitia rangi nyekundu ya kuonyesha mafuta, akakizungusha huku na huku.

"Huu si wa mjomba wenu," akasema. "Kinga ya mwili wake mwenyewe, vile vidoa vya bluu, ndiyo inayoushambulia msuli. Dawa ipo. Na watoto hawaurithi kama ule."

Nikakaa pale pale sakafuni. Nikampigia dada, nikamweleza yote kama nilivyoelezwa.

"Rudia hapo pa mwisho," akasema.

Nikarudia, na nilimsikia akishusha pumzi.

Vidonge vilimvimbisha mashavu, na wateja wakawa wanamtania kwamba mchele wote anaumaliza yeye. Nguvu zilirudi polepole. Juzi nilikuwa kwake. Binti akapita mbio na ungo wa mchele, akajikwaa, akaanguka chini, mchele ukatapakaa uani. Dada akainuka kwenye kigoda, magoti hakuyashika.

"Wewe, macho umeyaacha wapi?" akamfokea. "Inuka uokote!"

Mtoto akaangua kilio. Mimi sijawahi kufurahi hivyo kuona mtoto wa mtu anafokewa.