Mbuzi ya Nazi ya Bi Mwanapili

Kila Jumamosi baada ya alasiri, Mashavu hupanda ghorofa moja kwenda kwa jirani yake Nasima kutazama kipindi cha mafundi. Nusu ya jumba lao la Michenzani hukitazama. Watu hupeleka vitu vya wazee wao, saa zilizokufa na makasha yaliyoliwa na mchwa, na Fundi Usi huvitengeneza mbele ya kamera, moja kwa moja kutoka karakana yake ya Mkunazini.

Jumamosi hiyo chai ilimpalia. Kwenye televisheni amekaa Radhiya, wifi yake wa zamani, na mbele yake mbuzi ya kukunia nazi.

"Ya bibi yetu mzaa baba," Radhiya alikuwa akisema kwa sauti ya asali.

"Mwongo," alisema Mashavu. "Ile ya mama yangu."

Mwaka wa nane huu tangu aachwe. Alitoka na sanduku la nguo tu. Radhiya alishalifunga jiko, mbuzi aliyoachiwa na mama yake imo ndani, na ufunguo kautia kifuani. Mashavu alipodai, aliulizwa kama mwanamke mzima haoni haya kugombea mbuzi.

Fundi Usi aliigeuzageuza. "Ajabu hii. Meno yamelika upande mmoja, na kiti kimebonyea. Nitaupiga tupa huu ulimi wa chuma, meno yawe sawa."

Mashavu alishafika ngazini.

Mama yake, Bi Mwanapili wa Tumbatu, alikuwa mtu wa shoto. Utotoni walimfunga mkono kwa kitambaa ajifunze wa kulia. Alipoolewa, aliogopa watu wasije wakasusa chakula chake, basi miaka arobaini alikuna nazi mlango wa jiko umefungwa. Mashavu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia. Tupa ikipita pale, alama ya mkono wa mama yake imekwenda.

Alikata Darajani mbio, akapiga watu vikumbo bila kuomba radhi. Alipoingia karakana, tupa iko mkononi mwa fundi.

"Fundi, usiiguse."

"Wifi," alisema Radhiya, "ushaachwa zamani, bado watuandama?"

"Nimefuata mbuzi. Wewe sina haja nawe. Kama ya bibi yenu, kaa ukune."

Nazi ya kujaribia ilikuwa imeshavunjwa vizio viwili. Radhiya akakaa, kamera zinamwangalia. Kizio kiliteleza, kikamgonga goti, na vikaanguka vipande vikubwa kama kucha.

"Meno mabovu. Si ndiyo maana nimeileta?"

Mashavu alikaa, akasita. Siri ya mama yake, na Unguja nzima inatazama.

"Mama yangu alikuwa mtu wa shoto," alisema. "Na wote mliokula kwake mlirudisha sahani tupu."

Akakisukuma kizio kwa mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Nazi ikamiminika kwenye sahani, nyeupe, laini kama unga.

Fundi Usi aliiweka tupa chini. "Mbuzi hii haina ugonjwa. Mwenyewe ni huyu."

"Achukue," alisema Radhiya. "Gogo la kuni tu."

"Mbona hukulitia motoni, ukalileta mbele ya kamera?" aliuliza Mashavu.

Watu wakacheka. Radhiya akaokota mkoba wake akatoka. Mashavu hakuinuka. Alizikusanya chembe za nazi ulimini kwa mkono uleule wa kushoto, na hakujali nani anauona.

"Nipe kizio cha pili," alimwambia fundi.