Bastola Chini ya Kanzu

Nilipokuwa dereva mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, bosi wangu aliingiwa na hofu ya wezi, akanunua bastola ya kubeba kwa siri. Ya kwanza ilituna chini ya kanzu, akaibadilisha kwa ndogo. Asubuhi moja akaivaa, akatembea sebuleni mbele yangu na dada Mkenya aliyemlea mwanawe.

“Inaonekana?” akauliza, akijigeuza.

“Mafi, hakuna kitu, baba, haionekani,” dada akajibu. “Lakini tangu uanze kuivaa, hujambeba mtoto.”

Bosi alijishika kiuno. Kisha akaivua, akaifungia kabatini, akanyoosha mikono. Mtoto, aliyekuwa kando ya dada, alisita, akamtazama dada, ndipo akamwendea babake.

Mpaka naondoka pale hatukuona mwizi. Aliyekuwa amezuiwa na bastola ile ni mtoto.